Vigae vya Sida Kwenye Nyumba ya Molo



Leo nataka tuzungumzie ukuta wa nje wa nyumba, ule ambao jua la Nakuru huupiga tangu asubuhi na ukungu wa Molo huulowesha hata siku ambayo mvua haikunyesha. Wasikilizaji wanaojenga wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna tofauti. Je, nivike nyumba yangu vigae vya mbao za sida? Mmoja ameona picha ya nyumba ya Kanada yenye kuta za rangi ya fedha. Mwingine alikulia kwenye nyumba ya mabanzi huko Elburgon, anakumbuka harufu yake na anataka wanawe waijue. Na yuko mama mmoja wa Molo ambaye msingi wake umeshamwagwa zege, fundi anamsubiri aamue, na muuza mbao amemwahidi sida mbichi "bora kabisa" kwa bei ambayo yeye mwenyewe ameitilia shaka.

Mama, shaka yako ni ya haki. Nitatoa msimamo wangu mapema ili usiusubiri. Katika nyanda hizi za juu hatuna mbao inayoishinda sida kwa kazi ya kigae, na kwa sababu hiyo hiyo sikubali mti mwingine wa sida uangushwe kwa ajili ya ukuta wa mtu yeyote. Anayeitaka aitafute iliyokatwa zamani, aitumie kidogo, aiweke panapoifaa, na aipigilie kwa ustadi. Sasa nieleze kwa nini.

Mti wenyewe mnaufahamu. Wazee wa Kikuyu huuita mutarakwa, Wakalenjin tarakwet. Si mmoja wa mierezi ya Lebanoni tunayoisoma katika Biblia, wala si ule wa Kanada ambao vigae vyake huuzwa duniani kote. Wa kwetu ni wa jamii ya mireteni, na wataalamu wameuandika Juniperus procera. Unaota milimani kuanzia Saudi Arabia na Yemen, ukapitia Ethiopia ambako umesimama kuzunguka makanisa ya kale, ukashuka kwetu, ukavuka Tanzania hadi Malawi na Zimbabwe. Kwetu uko Mau, Eburu, Nyandarua na Mlima Kenya. Ukipata mahali pazuri hufikia mita 40 kwenda juu, lakini haukui kwa haraka. Sida ya kupasua mbao haivunwi na aliyeipanda. Huvunwa na wajukuu.

Ukitoka Nakuru ukapanda kupitia Njoro, Elburgon na Turi hadi Molo, historia ya mti huu bado unaiona kando ya barabara. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu ziwani. Injini za wakati huo zilichoma kuni, na kuni zilitoka misituni mwetu. Baada ya reli wakaja wapasuaji mbao. Pale Njoro, Charles Clutterbuck, babake yule rubani Beryl Markham, aliendesha kinu cha unga pamoja na kiwanda cha mbao. Mlowezi Ewart Grogan alipewa eneo kubwa mno la msitu upande wa Londiani na Ravine, na mashine zake zikanguruma huko Maji Mazuri. Mbao nzuri zilipanda treni. Mabanzi, yale makombo ya pembeni yenye gamba, ndiyo yaliyobaki kwa wafanyakazi, wakajengea nyumba. Nyumba nyingi za mabanzi unazoziona leo zimeshika desturi hiyo, ingawa sasa mabanzi mengi ni ya saiprasi.

Na sida ile iliyopanda treni ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya kuwa penseli. Wajerumani walifanya vivyo hivyo Tanganyika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Wilkins & Wiese ilipasua sida katika msitu wa Shume, Usambara, na kuziteremsha mbao hadi Mkumbara kwa nyaya zilizotandazwa angani juu ya magenge. Nimelitaja jambo la penseli kwa makusudi. Penseli inataka mbao ambayo nyuzi zake zimenyooka, haina macho, inachongeka bila kupasuka ovyo, na haipindi ikikauka. Kigae kinataka hayo hayo yote, kisha kiongeze la kutooza. Ndiyo maana sida ni mbao ya kigae. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Nyuzi zilizonyooka bila macho huzipati kwenye mti mchanga. Mti mchanga una matawi tangu chini, na kila tawi ni jicho kwenye mbao. Tena kinachodumu ni kiini peke yake, ile sehemu nyekundu ya ndani yenye mafuta ambayo mchwa na kuvu huyachukia. Ile mbao nyeupe iliyo karibu na gamba haina kinga hiyo, na ukiitia kwenye ukuta wa nje itaoza kama mbao nyingine yoyote. Mti mchanga una nyeupe nyingi na nyekundu kidogo. Kwa hiyo kigae kizuri hutoka kwenye mti mkubwa, mzee, ulioanza kukua kabla ya sisi kuzaliwa. Na mti mzee wa sida mara nyingi umeliwa ndani na kuvu wa kiini. Kwa nje umesimama imara, ukiuangusha unakuta pango. Shina lenyewe nalo lina mifereji na mikunjo. Mkataji huangusha mti wa miaka mingi, akachagua vipande vichache vilivyonyooka, na sehemu kubwa iliyobaki ikawa nguzo na kuni. Ukuta mmoja wa vigae vipya ni miti mingapi? Inategemea miti yenyewe, na muuza mbao hatakwambia.

Sheria nayo ipo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali, na leo tuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Nawasikia watu wakisema, "Si marufuku iliondolewa?" Tusichanganye mambo. Marufuku ya Februari 2018 ilisimamisha ukataji katika misitu yote ya umma, hata ile ya kupandwa. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza hapa hapa Molo kwamba inaondolewa, na suala likapelekwa mahakamani. Lakini lililokuwa likizungumzwa pale ni miti ya kupandwa iliyokomaa, saiprasi na paini za viwanda vya mbao. Sida ya msituni haikufunguliwa mlango siku ile. Hata ile uliyoipanda shambani mwako, ukitaka kuisafirisha mbao yake barabarani unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu, KFS. Muuza mbao anayekuletea sida usiku kwa pikipiki, bila karatasi, anakukabidhi na wewe sehemu ya kosa.

Kuna watu ambao sida kwao si pambo la nyumba. Waogiek wa Mau huchonga mizinga ya nyuki kwa magogo ya sida, kwa sababu mzinga huo hukaa juu ya mti miaka na miaka bila kuoza. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafurusha msituni. Nikiona ukuta mzima wa kifahari umevikwa sida mpya, nawakumbuka wao na mizinga yao. Nao watu wa Eburu, kule juu ya Naivasha na Elmenteita, msitu wao ulizungushiwa ua wa umeme uliokamilika mwaka 2014 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark na washirika wake. Imefika mahali msitu wa sida na misitu mingine ya namna yake inalindwa kwa umeme. Anayenunua mbao lazima alijue hilo kabla ya kutoa pesa.

Sasa, mama wa Molo, usivunjike moyo. Sida iliyokatwa zamani ipo, na ipo karibu nawe.

Mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa baada ya uhuru, nyua zao zilibaki. Nguzo za sida zilizochimbiwa ardhini kabla ya 1963 bado zinang'olewa leo, chini zimeliwa kidogo, juu ziko nzima. Nyumba za mbao za zamani, mazizi, maghala ya pareto na ya nafaka, vyote hivi vinabomolewa kila mwaka kupisha majengo ya mawe. Wabomoaji wengi huuza mbao hizo kwa bei ya kuni, na mimi naiona ni hasara ya kusikitisha. Nguzo nene za zamani ukizikata vipande vya sentimita 40 hivi, ukavipasua kwa panga la kupasulia na nyundo ya mti kwa kufuata nyuzi, utapata vigae vya kutosha ukuta wa veranda au ile pembe tatu ya juu chini ya paa. Vitakuwa vyembamba na si vya upana mmoja, na hilo si kasoro. Vigae vya upana tofauti vinapendeza kuliko vilivyolingana. Lakini lipo la kuangalia. Ng'oa kila msumari wa zamani kabla ya kupasua, na kata ile sehemu iliyokuwa ardhini uitupe. Na ununuapo, mwombe muuzaji akuandikie mbao hizo zimetoka jengo gani au ua gani, kwa sababu sida mpya siku hizi hupakwa tope ionekane ya zamani.

Utaitambuaje? Chukua kisu ukwangue. Sida ya kiini ni nyekundu inayoelekea zambarau, na harufu yake ni ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi, hata kama mbao ina nusu karne. Saiprasi ni ya manjano au kahawia hafifu na harufu yake ni ya utomvu. Nakusihi ukwangue kila fungu. Usitosheke na lile la juu ulilooneshwa.

Swali la pili ni hili: ukutani au paani? Hapa nina neno la watu wa Nakuru hasa, na nitakaa nalo kidogo.

Maji yetu ya visima virefu katika Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinakipita mbali. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi ambao hauhitaji maabara, na floridi ikizidi zaidi huingia kwenye mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini maji yasiyo na floridi yanashuka bure kutoka mbinguni, na mlango wake ni paa lako. Paa la sida hutoa rangi ya kahawia na uchungu kwenye maji, hasa miaka ya kwanza. Baadaye, upande wenye kivuli, huota kuvumwani na kushika majani na vumbi. Familia inayokunywa maji ya mvua isiwe na paa la mbao. Waweke mabati mazuri au vigae vya udongo, gata safi, na bomba la kumwaga maji ya kwanza ya mvua yasiingie kwenye tangi. Afya ya meno ya mtoto ina uzito kuliko sura ya paa.

La moto nalo. Molo na Turi ni baridi, watu huota moto ndani, na cheche hutoka kwenye bomba la moshi. Jirani naye anachoma mabua ya mahindi shambani wakati wa kiangazi, upepo unavuma. Paa la mbao kavu yenye mafuta likishika moto halisubiri gari la zima moto lifike kutoka mjini. Ndiyo sababu ya pili ya kuiweka sida ukutani badala ya paani, tena si ukuta ule uliobeba bomba la moshi. Hata kwa ukuta, weka wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba, na iulize kampuni yako ya bima kabla hujaanza.

Basi tuseme umeamua ukuta, ukuta mmoja au miwili, ule wa veranda na ule unaotazama barabara. Fundi aufanyeje? Wengi wa mafundi wetu wa leo ni hodari wa mawe na mabati, na kigae cha mbao hawajakipigilia. Kaa naye umweleze.

Kigae kisigusane na jiwe. Pigilia kwanza mbao nyembamba za kusimama ukutani, kisha nyingine za kulala juu yake, ili hewa ipite nyuma kutoka chini hadi juu. Mbao hukauka kwa hewa, na kigae kinacholowa mbele na kukauka nyuma kitadumu. Kile kilichobanwa kwenye ukuta wenye unyevu kitaoza hata kikiwa cha sida. Anzia chini, lakini usianzie udongoni. Acha nafasi ya sentimita 15 au 20 kutoka ardhini, maana matone ya mvua yakipiga udongo hurusha tope, na mchwa wa Rongai hawangoji mwaliko. Kila mstari ufunike zaidi ya nusu ya ule wa chini yake, ili popote utakapopiga msumari pawe na mbao mbili. Kati ya kigae na kigae acha mwanya wa milimita 3 hadi 5, kwa sababu msimu wa mvua vigae hutanuka, na visipopata nafasi husukumana na kubenuka. Mianya hiyo isikutane na ya mstari wa chini. Itengane kwa sentimita 4 walau.

Misumari miwili kwa kila kigae, hata kama ni kipana. Ukipiga mitatu au minne unakizuia kisitanuke, na kitapasuka katikati. Na misumari iwe ile iliyochovywa kwenye zinki au ya chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida ya hadiwea itatoa machozi meusi kwenye ukuta kabla ya mvua ya pili, kwa sababu utomvu wa sida na chuma havipatani. Mahali hapa watu hupenda kubana bei, na sielewi kwa nini. Umetafuta mbao ya nusu karne, unaifunga kwa msumari wa mwaka mmoja?

Usipake rangi ya kufunika. Hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka. Waweza kupaka mafuta ya kitani mara moja kwa miaka kadhaa ukitaka wekundu ubaki, au uiache. Jua letu la ikweta litaigeuza rangi ya fedha, kwanza upande wa mashariki na magharibi, na hilo haliharibu mbao. Ninalolikataa kabisa ni oili chafu ya gari. Najua mabanzi mengi ya Njoro yamepakwa hiyo. Inanuka, inaongeza hatari ya moto, na mvua huiosha hadi kwenye sukuma wiki.

Wapo watakaoniambia, "Si ninunue vile vya Kanada?" Vipo, ni vyepesi, vimenyooka, na vina sifa nzuri ya kutooza. Kama vina hati za msitu vilikotoka, si kosa kuvinunua. Ila vimevuka bahari, bei yake ni ya bahari, na mbao yake ni laini kuliko yetu, mvua ya mawe itaiachia alama. Mimi kwa nyumba mpya kubwa ningechukua saiprasi ya shambani, iliyokomaa, iliyokaushwa vizuri, ikachaguliwa sehemu zisizo na macho. Haifiki kwa sida. Lakini ikiwa chini ya upenu mpana na hewa ikipita nyuma yake, itakutunza miaka mingi, na mti wake ukikatwa mwingine unapandwa na kuvunwa wakati wa uhai wako. Saiprasi iliyotiwa dawa ya kijani kwa mashine hudumu zaidi. Mabaki yake usiyachome jikoni, na mbao yenyewe usiiweke paani juu ya tangi la maji ya kunywa, maana mara nyingi dawa ile ina arseniki.

Na kama una bahati ya kurithi nyumba ya sida, ile ya babu iliyovikwa vigae vyeusi vya uzee, nakuomba usiibomoe kwa sababu ya vigae vichache vilivyooza. Vitoe hivyo vichache tu. Kigae kimoja hutolewa kwa kuteleza msumeno mwembamba chini yake na kukata misumari, kisha kingine kikaingizwa. Sida ya nguzo za zamani kwanza iende kwenye nyumba hizi, kabla ya zetu mpya.

Mama wa Molo, hili ndilo jibu langu kwako. Paa liwe mabati, gata na tangi. Kuta tatu ziwe mawe ya Ndundori kama mlivyopanga. Ukuta wa veranda uvike sida ya zamani, ukipata ya kutosha. Usipopata, saiprasi kavu. Yule anayekuahidi sida mbichi mwambie alete kwanza kibali cha KFS chenye jina la shamba ilikotoka, na fundi asianze kupima hadi umekishika mkononi.